Mazoezi ya Kujenga Nguvu kwa Kijana Mwenye Misuli Dhaifu: Mwongozo kwa Familia za Moshi na Arusha

Familia nyingi zenye kijana mwenye misuli dhaifu hufanya kazi kubwa kila siku bila kuugusa udhaifu wenyewe. Kijana hukandwa kwa maji ya moto, husuguliwa kwa mafuta ya nyonyo, hunyooshwa miguu asubuhi na jioni, na muda wote huo amelala tu akisubiri watu wazima wamalize. Kukanda hupunguza maumivu, na kunyoosha husaidia viungo visikakamae, kwa hiyo mambo hayo yasiachwe. Lakini msuli hupata nguvu pale tu mwenye msuli anapoutumia yeye mwenyewe kuushinda mzigo, mzigo huo ukiwa na uzito wa kutosha kumsumbua kidogo, na ukiongezwa kadiri anavyouzoea. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na vijana wenyewe wa miaka 10 hadi 19 walioko Moshi, Arusha na vijiji vya kandokando, ambao hawana mashine yoyote isipokuwa kigoda, begi la shule na ua wa kufanyia mazoezi.

Chanzo kijulikane kwanza

Udhaifu wa misuli una vyanzo vingi, na zoezi linalomjenga kijana mmoja laweza kumharibu mwingine. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni kwenda kupimwa, hata kama kijana amekuwa katika hali hiyo tangu utotoni na nyumba nzima imeshaizoea. Kwa walioko Moshi, pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi, au hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC, ambako katika eneo hilohilo kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwendo. Kwa walioko Arusha, pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mount Meru. Mkifika, msiridhike na kuambiwa tu kwamba mtoto afanye mazoezi. Ulizeni chanzo ni nini, misuli ipi ni dhaifu na kwa kiwango gani, na ni mwendo upi haufai kabisa. Kisha majibu yaandikwe kwenye daftari papo hapo, kwa kuwa njiani mtayasahau.

Kiwango cha udhaifu hupimwa kwa namba kuanzia 0 hadi 5, na namba hiyo ina kazi kubwa nyumbani kuliko watu wanavyodhani. Sufuri maana yake msuli haujikazi kabisa. 3 maana yake kijana anaweza kukiinua kiungo chake dhidi ya uzito wa kiungo chenyewe lakini hawezi kuongezewa chochote. 5 ni nguvu ya kawaida. Msuli ulio chini ya 3 hauhitaji chupa ya maji wala mfuko wa mchanga, kwa sababu mguu wenyewe tayari ni mzigo unaoushinda. Kijana wa aina hiyo hulazwa ubavu juu ya mkeka, au mguu wake ukawekwa juu ya ubao laini uliotandikwa kitambaa chenye kuteleza, ili auburute mbele na nyuma bila kulazimika kuuinua. Msuli wa 3 huanza kwa kuinua kiungo kitupu. Kuanzia 4 ndipo uzito wa nje unapoingia.

Wengi watakaosoma mwongozo huu wana kijana mwenye mtindio wa ubongo, na kwao kuna hofu moja ya kuondoa. Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba kumpa mzigo mtu ambaye misuli yake inakaza kutaifanya ikaze zaidi, na ushauri huo bado unatembea mitaani. Tafiti zilizofanyika tangu wakati huo hazikuuthibitisha: vijana hao hupata nguvu kwa mazoezi ya mzigo bila kukakamaa kwao kuongezeka. Msuli unaokaza si lazima uwe na nguvu. Mara nyingi msuli wa shavu la mguu unaomfanya kijana atembee kwa vidole ndio huohuo uliolegea anapotakiwa kujisukuma mbele. Hata hivyo ni haki mzazi aelezwe ukweli wote, yaani kwamba nguvu ya msuli huongezeka kwa urahisi zaidi kuliko mwendo unavyobadilika, na ndiyo maana mazoezi yaliyopendekezwa hapa chini yanafanana na kazi halisi za siku kama kuinuka kitini na kupanda ngazi.

Hali ni tofauti kabisa kwa mvulana mwenye ugonjwa wa Duchenne, ambao umepewa jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19, na ambao huwapata karibu wavulana peke yao. Ndani ya msuli wao hukosekana protini inayolinda nyuzi za msuli zisichanike zinapofanya kazi. Dalili zake huanza utotoni: mashavu ya miguu kuwa manene isivyo kawaida, kuanguka mara kwa mara, na mtoto kujiinua kutoka chini kwa kujishika mapaja na kuyakwea kwa mikono yake. Kwake mazoezi mazito ya kujenga nguvu hayaruhusiwi, na kinachomdhuru zaidi ni kazi ambayo msuli unajikaza huku unarefushwa, kama vile kushuka ngazi, kuruka chini na kushuka mteremko. Nalisisitiza hili kwa familia za Marangu, Old Moshi au Kibosho, ambako njia ya shule asubuhi yaweza kuwa mteremko mtupu: watu humhurumia mvulana huyo anapopanda, ilhali kushuka ndiko kunakomchana misuli. Kama pesa ya bodaboda inapatikana ya safari moja tu, kwa misuli ya mapaja yake ni afadhali itumike ya kushukia, maadamu kupanda kwenyewe kunafanyika polepole na kwa kupumzika. Mazoezi yake ni mepesi, ya kucheza ndani ya maji, kuendesha baiskeli kwenye tambarare na kunyoosha viungo, chini ya daktari anayefuatilia pia moyo na pumzi.

Kijana mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa na uti wa mgongo usiofunga vizuri, anaweza kuwa na mikono yenye nguvu kamili na miguu isiyohisi. Pale pasipo hisia, mpira unaobana au mkanda wa mfuko wa mchanga unaweza kutoboa kidonda naye asijue, hivyo ngozi ikaguliwe kabla na baada ya kila zoezi. Tena watu wenye mgongo wazi huwa na mzio wa mpira wa asili mara nyingi kuliko wengine, kwa hiyo kwao tumieni mifuko ya mchanga na kamba za kitambaa badala ya mipira ya kuvuta.

Aliyetolewa plasta gumu, au aliyelala kitandani kwa ugonjwa mrefu, ndiye mwenye matumaini ya haraka zaidi, kwa sababu msuli wake ni mzima, umekonda tu kwa kukosa kazi. Kuna jambo moja la kuangaliwa upande wa Mlima Meru, ambako maji ya baadhi ya vijiji yana floraidi nyingi mno: kijana mwenye meno ya kahawia na miguu iliyopinda asianzishiwe mzigo kabla mifupa yake haijaonwa na daktari wa mifupa.

Yapo pia mambo ambayo si ya mazoezi bali ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Udhaifu ulioanza ghafla ndani ya saa au siku chache, hasa unaopanda kutoka miguuni kwenda juu au unaoambatana na shida ya kupumua au kumeza. Udhaifu unaokuja na kushindwa kuzuia haja. Na maumivu ya mgongo yasiyoisha yenye kibyongo kinachojitokeza, ambayo yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla lazima aripotiwe na kituo cha afya ili apimwe polio, kwa hiyo familia isishangae ikiombwa choo chake.

Kwa nini umri huu

Katika miaka ya kubalehe mifupa hurefuka upesi kuliko misuli inavyoweza kuifuata. Misuli huwa mifupi kwa mifupa iliyopo, mwili huongezeka kilo nyingi kwa muda mfupi, na miguu iliyomudu kubeba kilo 28 sasa inadaiwa ibebe 45. Ndiyo sababu kijana aliyekuwa anatembea vizuri darasa la nne anaweza kuanza kuburuta mguu akiwa kidato cha kwanza, na watu wakasema amekuwa mvivu. Pima urefu wake kila baada ya miezi mitatu kwa alama ya penseli kwenye fremu ya mlango; akirefuka ghafla, ongezeni muda wa kunyoosha na msiharakishe kuongeza mzigo.

Wapo wazazi wanaoamini kwamba kubeba uzito humfanya mtoto adumae. Mazoezi ya mzigo uliopimwa, yanayosimamiwa na kufanywa kwa mwendo sahihi, hayadumazi. Kinachoumiza sehemu za mifupa zinazokua ni mzigo mkubwa kupita kiasi, mashindano ya kuonyeshana nguvu na kuanguka na chuma.

Vifaa na namna ya kuupima mzigo

Lita moja ya maji ina kilo moja. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo, na dumu la lita tano lililojazwa hadi nusu ni kilo mbili na nusu. Hesabu hii rahisi ndiyo inayofanya maji yawe mzigo bora kuliko mawe. Kwa mzigo wa kufunga kwenye kifundo cha mguu, shona mfuko wa kitambaa kigumu, kwa mfano mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, ujaze mchanga mkavu uliochekechwa, kisha uupeleke dukani upimwe kwenye mizani na uandikwe uzito wake kwa kalamu ya wino mzito. Tengeneza wa robo kilo, wa nusu na wa kilo moja. Kwa mazoezi ya kuvuta, tyubu ya baiskeli iliyokatwa kwa urefu inatosha. Ikague kila mara, kwa kuwa tyubu yenye ufa hukatika ikiwa imevutwa na humrukia mtu usoni. Begi la shule litabeba mzigo wa mwili mzima, nalo hupakiwa vitu vinavyojulikana uzito, kama pakiti za kilo moja za unga au maharage.

Mzigo unaofaa ni ule ambao kijana anaweza kuurudia kati ya mara 6 na 15 kwa mwendo safi, marudio mawili ya mwisho yakiwa magumu kweli, lakini bado akijua kwamba angelazimishwa angeongeza moja au mawili. Akifika 15 huku anazungumza na kucheka, mzigo ni mwepesi mno na mnapoteza muda. Asipofika 6, au akianza kujipinda ili amalize, ni mzito. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea kwa huruma: mtoto hupewa chupa ileile ya nusu lita kuanzia Januari hadi Juni, kisha inasemekana mazoezi hayakumsaidia.

Kuketi na kusimama

Zoezi likiwa moja tu, liwe hili. Linatumia mapaja, makalio, mashavu ya miguu na kiuno kwa pamoja, nalo ni kazi ambayo kijana ataifanya chooni, darasani na kwenye daladala maisha yake yote.

Chagua kiti kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Kwa kuanzia kiwe cha juu kidogo, kiasi kwamba akiketi magoti yake yawe chini ya nyonga. Kama viti vyote ni vifupi, weka blanketi zilizokunjwa na kuzifunga zisiteleze. Avue kandambili, kwani hutelezesha mguu, abaki peku au avae raba. Nyayo zote mbili zikae chini, zikiachana kwa upana wa nyonga, na zivutwe nyuma kidogo kuelekea kiti. Mikono ikunjwe kifuani. Sasa aelekeze kifua mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu na kuinuka. Akisimama wima ahesabu moja, kisha aketi taratibu kwa kuhesabu tatu, asijiangushe.

Msimamizi akae mbele yake, si ubavuni, na macho yake yawe kwenye magoti. Kosa la kwanza litakaloonekana ni magoti kukimbiliana ndani, hasa kwa mwenye mtindio wa ubongo. Mwambie ayaelekeze kila goti kwenye kidole cha pili cha mguu wake, na ikibidi ashike mpira mdogo katikati ya magoti bila kuubana wala kuuangusha. Kosa la pili ni kisigino kimoja kunyanyuka. Angalia kama ni mazoea au mguu umekaza: ukimwinamisha goti polepole na kisigino bado hakigusi chini, weka kipande cha ubao chenye unene wa sentimita moja au mbili chini ya kisigino hicho, na umweleze mtaalamu wa mazoezi ya viungo mtakapoonana. Kosa la tatu ni la siri zaidi, nalo ni kutumia mguu mzima peke yake. Kijana mwenye udhaifu wa upande mmoja atainuka vizuri kabisa mara 15 huku mguu dhaifu ukiwa abiria. Ili kumgundua, weka mizani ya bafuni chini ya mguu dhaifu, au kama hakuna, usogeze mguu wenye nguvu mbele kidogo ili ule dhaifu ulazimike kubeba.

Pumzi itoke wakati wa kuinuka. Vijana hupenda kubana pumzi ili wapate nguvu, na kufanya hivyo hupandisha presha ya damu ghafla; kumwambia ahesabu kwa sauti huondoa tatizo lote bila mahubiri.

Anapoyamudu marudio 15 kwa siku mbili za mazoezi zilizofuatana, ongezeni ugumu kwa njia moja tu: ama kiti kifupi zaidi, ama begi lililovaliwa kifuani lenye kilo moja. Baada ya wiki nane hivi, kwa kijana asiyekatazwa, seti ya mwisho, yaani mkupuo wa mwisho wa marudio, inaweza kufanywa kwa kuinuka haraka na kushuka polepole, kwa sababu kutembea na kujizuia usianguke kunahitaji msuli unaojikaza upesi, nguvu za polepole hazitoshi.

Mazoezi mengine ya kuchagua

Msiyafanye yote. Matatu au manne kwa siku yanatosha, yachaguliwe kwa kazi ambayo kijana mwenyewe anaitaka.

Kwa anayetaka kupanda ngazi za shule, tofali la saruji la inchi 6 likilazwa na kuegemezwa ukutani lina kimo cha sentimita 15 hivi, kinachokaribia ngazi halisi. Apande kwa mguu dhaifu, asimame, ashuke kwa mguu wenye nguvu, akigusa ukuta kwa vidole tu. Kama ni juu mno, aanze na ubao mnene.

Kwa anayeyumba kiwiliwili huku na huku anapotembea, udhaifu uko kwenye misuli ya pembeni ya nyonga. Alale ubavu juu ya mkeka, mgongo wake ukigusa ukuta, goti la chini likiwa limekunjwa, kisha ainue mguu wa juu ulionyooka huku kisigino kikiteleza ukutani. Ukuta ndio mwalimu hapa: kisigino kikiachana nao, anaiba kwa misuli ya mbele ya paja. Akiwa palepale chini ageuke alale chali, akunje magoti, ainue makalio mpaka mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, ahesabu tatu na kushusha. Zoezi hili la kuinua makalio linamfaa hata asiyeweza kusimama, na humsaidia mlezi wakati wa kumvisha.

Kuinua visigino hufanywa akiwa amesimama ameshika meza, kwanza miguu miwili, baadaye mmoja. Wanaovaa vifaa vya kusaidia mguu huvivua kwa zoezi hili, lakini kwa kuketi na kusimama muulizeni mtaalamu, maana wengine husimama salama wakiwa wamevivaa tu.

Anayetumia magongo au kiti cha magurudumu anahitaji mabega na mgongo wa juu. Breki za kiti zifungwe, ashike mikono ya kiti na kujiinua makalio yaachane na kiti, viwiko vikinyooka bila kukakamazwa. Zoezi hilo peke yake huchosha mabega upande mmoja tu, hivyo liandamane na kuvuta: tyubu ifungwe kwenye nguzo kwa kimo cha kifua, avute viwiko nyuma mpaka mifupa bapa ya nyuma ya mabega ikaribiane.

Ratiba na daftari

Wiki mbili hadi nne za mwanzo ni za kujifunza mwendo: siku mbili kwa wiki, seti moja, mzigo mdogo au hakuna. Baada ya hapo siku ziwe mbili hadi tatu zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, kila zoezi seti moja hadi tatu, na pumziko la dakika moja hadi tatu kati ya seti. Dakika tano za kwanza ni za kupasha mwili moto kwa kutembea uani au kuzungusha mikono. Asubuhi za Juni na Julai Arusha huwa na baridi kali, na misuli inayokaza hukaza zaidi kwa baridi, hivyo muda mzuri ni baada ya jua kuchomoza vizuri au saa kumi jioni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watoto na vijana wenye ulemavu wa umri wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, zikiwemo za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki. Siku zisizo za mzigo, basi, ni za kutembea, kucheza na kazi za nyumbani.

Katika daftari iandikwe tarehe, zoezi, mzigo, marudio, na namba ya 0 hadi 10 ya jinsi alivyoona ugumu. Namba hiyo aitoe yeye. Inayotakiwa ni 5 hadi 7. Mwanzo wa kila mwezi mpimeni mara ngapi anainuka na kuketi kamili ndani ya sekunde 30 kwa kiti kilekile, na mpime muda anaotumia kutoka mlangoni hadi getini. Wiki za kwanza ataongeza marudio upesi ingawa misuli haijanenepa; ni ubongo unaojifunza kuiita misuli kazini kwa pamoja. Mabadiliko ya kudumu yasitarajiwe kabla ya wiki 12 hadi 16 mfululizo.

Maumivu madogo ya misuli kesho yake ni ya kawaida. Yakizidi siku mbili, punguzeni mzigo au seti. Maumivu ndani ya kiungo, goti kuvimba, mapigo ya moyo yasiyotulia, au udhaifu ulio mkubwa zaidi nusu saa baada ya mazoezi kuliko kabla yake, ni dalili za kusimamisha na kumwona mtaalamu. Mkojo wa rangi ya kahawia au ya kokakola ni dharura, kwani huonyesha msuli umevunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo. Kijana ambaye asubuhi ana nguvu na jioni kope zinamwangukia, anaona vitu viwiliviwili au hawezi kutafuna, asiendelee na ratiba hii mpaka daktari amwone. Siku ya homa ni siku ya kupumzika. Mwenye kifafa afanyie mazoezi chini, mbali na jiko, asiwe peke yake.

Chakula, aibu na jimu ya mtaani

Ndizi peke yake haijengi msuli, hata ziwe nyingi namna gani. Mtori wenye nyama ya kutosha, kiburu chenye maharage, yai, maziwa au dagaa viwepo katika kila mlo kadiri uwezo unavyoruhusu, na visiachwe vyote viwe vya usiku. Unga wa kujenga misuli unaouzwa madukani hauna kazi hapa.

Tatizo kubwa kuliko mzigo mara nyingi ni aibu. Binti wa miaka 14 hatataka kulala chali uani huku jirani anapita, na hana kosa. Mpeni chumba, suruali pana ya kitambaa, na msimamizi wa jinsia yake, ikiwezekana dada au binamu badala ya mama, ambaye tayari ndiye anayemkumbusha dawa, kuoga na shule. Mahali ambapo kila zoezi huanza na “njoo hapa haraka”, daftari hukaa tupu. Mahali ambapo kijana ndiye anayeamua aanze na zoezi lipi na anaandika namba zake mwenyewe, kazi huendelea hata mzazi akiwa sokoni.

Wavulana watataka kwenda kupiga chuma na wenzao, kwenye zile jimu za mtaani ambako vyuma ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mimi naona wasikatazwe moja kwa moja, isipokuwa wenye Duchenne na wengine ambao daktari amewazuia. Mzazi aende kwanza azungumze na mwalimu wa jimu, amwonyeshe daftari, na wakubaliane kwamba kijana hatalala chini ya chuma bila mtu wa kumshikia, na hatajaribiwa uzito wa juu kabisa anaoweza. Kuwa miongoni mwa wenzake kuna faida ambayo ua wa nyumbani hauitoi.

Shule ya bweni, masika na baada ya hapo

Anayesoma bweni aende na mfuko mmoja wa mchanga, tyubu, na karatasi yenye mazoezi matatu iliyosainiwa na mtaalamu, ikabidhiwe kwa matroni au patroni ili asichukuliwe kuwa anakwepa mchakamchaka. Machi hadi Mei, njia zinapokuwa tope na vumbi la ua limegeuka utelezi, mazoezi ya kusimama yahamie ndani kwenye sakafu kavu, na wanaotumia magongo wabadilishiwe raba za chini zilizolika. Wakati wa mitihani punguzeni hadi siku moja au mbili kwa wiki badala ya kuacha kabisa, kwa sababu wiki chache za kukaa bure hula sehemu ya nguvu iliyopatikana.

Wiki ya 16 ikifika, rudini kwa mtaalamu na daftari. Atapima upya ile namba ya 0 hadi 5, atalinganisha sekunde 30 za mwezi wa kwanza na za sasa, na ataamua pamoja na kijana kama lengo lifuate kazi mpya, kwa mfano kupanda daladala bila kushikwa mkono, au kama misuli fulani imefika mwisho wa kile inachoweza na sasa ni zamu ya kifaa cha mguu, magongo mapya au ushauri wa upasuaji.